Mkufu wa Gia

Mafuta ya taa yana harufu mbili. Ya kwanza ni ile ya taa ya chemli, harufu ya kusoma na kusinzia. Ya pili ni ya injini iliyofunguliwa: mafuta ya taa yaliyochanganyika na oili nyeusi, kutu, vumbi na, kwa upande wetu wa Kitengela, mavi ya mbuzi. Watu wengi wa rika langu wanaikumbuka ile ya kwanza na kuililia katika mazungumzo yao. Mimi naililia ya pili. Nikipita karibu na gereji na kuinusa, mgongo wangu hunyooka wenyewe kama wa mwanafunzi aliyesikia wimbo wa taifa, halafu, hatua chache mbele, masikio yangu hupata moto wa aibu. Fahari na aibu hiyo zilizaliwa wiki moja, mwezi wa Agosti, nilipokuwa na miaka kumi na kushika nafasi ya kwanza darasani, jambo ambalo nililitaja kwa yeyote aliyesimama karibu nami kwa muda wa kutosha.

Kitengela ya wakati huo ilikuwa bado haijajua kuwa ni mji. Kulikuwa na maduka machache kando ya barabara ya Namanga, makanisa mengi kuliko maduka, na nyuma ya nyumba yetu ya mabati nyika ilianza papo hapo, bila ua wala hodi. Asubuhi nyingine tuliamka tukakuta nyumbu wamesimama karibu na kamba ya kuanikia nguo kama wageni waliokuja kuuliza njia. Sisi tulikuwa watu wa kutoka Bungoma, wapangaji. Baba alikuwa karani wa kiwanda huko Athi River, na ujuzi wake wa mitambo uliishia kwenye kubadilisha betri za redio. Mwenye pikipiki alikuwa Mama. Alikuwa afisa wa mifugo, na kazi yake ilikuwa kuzunguka boma kwa boma, kuanzia kwetu hadi karibu na mji wa Kajiado, akichanja ng'ombe, akiwasaidia waliokwama kuzaa, na kugombana na kupe. Wenyeji walimwita Daktari, cheo ambacho hakuwahi kukisomea wala kukikataa. Pikipiki yake waliiita Osikiria, yaani punda kwa Kimaasai, kwa sababu ilibeba kila kitu na haikuwa na sura.

Osikiria ilikuwa imezeeka. Saa yake ya kilomita ilikuwa imefika mwisho wa tarakimu zake zote na kurudi kwenye sifuri, na Baba alipenda kusema kwamba imeokoka na kuanza maisha mapya. Lakini maisha mapya hayakuwa na nguvu za yale ya zamani. Ilikunywa oili kama ndama anavyonyonya, ikatoa moshi wa bluu uliomtangulia Mama nyumbani siku za upepo, injini ikalia kwa ndani kama kopo lenye kokoto, na gia ya tatu ikawa inachomoka yenyewe kila alipopanda mlima. Ndipo ikaja barua kutoka ofisi ya Kajiado. Pikipiki zote kuukuu zifikishwe uani huko Ijumaa ya wiki iliyofuata. Itakayofika kwa magurudumu yake itabaki kazini. Itakayobebwa kwa lori itapigwa mnada, na afisa wake atahamishiwa ofisini kujaza rejista ya ngozi. Mama aliisoma barua hiyo akiwa amesimama, akaisoma tena akiwa ameketi. Sikuwahi kumwona akilia, na siku hiyo pia hakulia. Alisema tu, "Mimi nikae kwa meza, nihesabu ngozi za ng'ombe niliokosa kuwafikia?"

Kesho yake alichukua likizo, akavaa ovaroli ya kuzalishia ng'ombe, na kuanza kuifungua injini mwenyewe. Jirani mmoja alipomuuliza kama anajua anachofanya, Mama alimjibu kwamba ameshampasua ng'ombe hai, akamtoa ndama na kumshona, na kwamba injini hata damu haina. Alikuwa na kisanduku cha spana na kitabu cha mwongozo chenye picha, ambacho alikisoma jioni kwa umakini aliokuwa akiuweka kwa Biblia, na, ikiwa ni lazima niseme ukweli, kwa muda mrefu zaidi. Mimi nilikuwa nimefunga shule, kwa hiyo nikawa mshika tochi, mleta matambara na muosha vyuma. Mtaka cha mvunguni sharti ainame, na kwa siku nne mimi na Mama tuliinama mpaka majirani wakatuzoea hivyo.

Mwenye nyumba wetu, Mama Nashipae, hakukosa siku hata moja. Alikuwa mwanamke mrefu, mwenye sauti ya kuita mbuzi, na mikono yake haikujua kukaa bure: alitunga shanga akitembea, akipokea kodi, na hata mchungaji alipokuwa akihubiri. Ndiye aliyetuazima ngozi ya ng'ombe ya kutandika chini ili vyuma visipotelee vumbini, na ndiye aliyetupatia maoni, ambayo hatukuwa tumeyaomba.

"Daktari," alisema siku ya kwanza, injini ilipokuwa imelala upande juu ya ile ngozi, "hii ng'ombe yako imekufa. Wacha tuchinje tugawane nyama."

"Bado inapumua, Mama Nashipae."

"Inapumua wapi? Mimi niko na macho. Nipatie ini."

Ini alilolisema lilikuwa pistoni, ambayo Mama alikuwa ameitoa muda huo. Ilikuwa na mikwaruzo mirefu ubavuni, na ringi zake zilikuwa zimekwisha hadi zikacheza kwenye mifereji yake kama bangili kwenye mkono wa mgonjwa. Mama aliipitishia kidole, akatikisa kichwa, akaiweka kando kwa heshima. Silinda ingepelekwa Nairobi ikachongwe upya, na pistoni mpya inunuliwe huko, iliyo kubwa kidogo kuliko ya kwanza. Hadi hapo mambo yalikwenda kama kitabu kilivyosema. Shida ilikuja tulipogawanya kasha la injini mara mbili na kuzifikia gia.

Gia za pikipiki ni gurudumu juu ya gurudumu, zimevalishwa kwenye vyuma viwili virefu, na kati yake kuna pete bapa ambazo mafundi huziita washa. Kila moja ina mahali pake na upande wake wa kutazama. Mama alikuwa amekwisha kuzitoa zote ili aipate ile gia ya tatu iliyokatika meno, akizipanga juu ya ngozi kwa utaratibu ule ule wa kutoka, na kitabu kikiwa wazi pembeni. Tuliingia ndani kunywa chai. Tulipotoka tulimkuta beberu wa Mama Nashipae amesimama juu ya kitabu, akitafuna kwa utulivu wa mzee wa baraza. Alikuwa amekula picha zote za gia. Ukurasa wa jinsi ya kusafisha taa ya nyuma hakuugusa.

Mama Nashipae alimfukuza kwa jiwe na kwa maneno ya Kimaasai ambayo hakuna aliyenitafsiria. Kisha akachuchumaa, akazitazama gia zilizokuwa bado zimelala kwa mpango wake, na kwa mara ya kwanza sikumsikia akitania. Aliomba waya. Akachukua ile iliyotoka mwisho, akaigeuza, akaitazama uso na kisogo, akaitunga. Kisha washa, kisha gia nyingine, akinong'ona kitu kwa lugha yake. Mwanzoni mwa waya wa kwanza alifunga shanga nyekundu, na wa pili akaufunga ya buluu. Alipomaliza tulikuwa na mikufu miwili mizito, iliyong'aa oili. "Mbuzi yangu ilikula kitabu," akamwambia Mama, "hiki ndicho kitabu nakulipa. Anza kwa shanga, fuata njia. Huwezi potea." Mama akaitundika kwenye msumari ukutani, na ikawa hivyo: ramani yote ya Osikiria, na kazi ya Mama, ikawa inaning'inia kwenye msumari mmoja.

Jumatatu na Jumanne ya wiki iliyofuata Mama alishinda Nairobi na silinda yake. Mimi niliachwa kulinda vyuma dhidi ya mbuzi. Hakuna aliyefikiria kuvilinda dhidi yangu. Nilikaa kwenye ngazi nikiitazama ile mikufu, na kadiri nilivyoitazama ndivyo ilivyonisumbua. Ilikuwa imechanganyika: kubwa, ndogo, ya kati, ndogo tena, kubwa. Mwalimu wetu wa hisabati alikuwa amemaliza muhula kwa somo la kupanga vitu kutoka kilicho kidogo hadi kilicho kikubwa, na mimi nilikuwa nimepata alama zote. Nikawaza kwamba Mama Nashipae, masikini, hakubahatika kusoma. Nikawaza jinsi Mama atakavyofurahi. Kwa hiyo Jumanne mchana nilifungua waya, nikaziosha gia zote upya kwa mafuta ya taa hadi zikameta kama vijiko vya wageni, nikazipanga kwa ukubwa, mkufu baada ya mkufu, na kuzirudisha kwenye msumari. Hata shanga nilizifunga tena, kwa uzuri. Nikasimama mbali nikaitazama kazi yangu. Nimeandika vitabu kadhaa tangu siku ile na hakuna hata kimoja nilichokitazama kwa kuridhika kiasi hicho.

Jumatano asubuhi Mama aliutoa mkufu wa shanga nyekundu, akauchekea mng'ao wake, akanipapasa kichwa kwa kuosha vizuri, na kuanza. Gia ya kwanza iliingia. Ya pili ikaingia. Ya tatu ikagoma. Akazitoa, akarudia. Zikagoma tena. Akaujaribu mkufu wa buluu; mambo yakawa yale yale. Jua likapanda. Nilimwona akikaa chini, akafuta mikono polepole, kidole baada ya kidole, kisha akamwita mwenye nyumba. Sauti yake haikuwa kali. Ilikuwa imechoka tu, na hilo lilikuwa baya zaidi.

"Mama Nashipae, huu mkufu wako umenipoteza. Hauko sawa."

"Haiwezi."

"Basi njoo uone."

"Daktari, mimi natunga tangu nikiwa msichana. Bibi harusi wangapi hapa wamevaa mkono wangu? Umewahi sikia mtu amerudisha?"

"Sisemi ulifanya kwa ubaya. Nasema umekosea."

Mama Nashipae alizibana shanga zake kwapani na kutazama upande wa nyika, na uso wake ukafunga kama duka. Ndipo nikaelewa, kwa akili ile ile iliyokuwa ya kwanza darasani na iliyokuwa imechukua asubuhi nzima kufika hapo. Ijumaa ilikuwa imebaki siku mbili. Mama angepoteza Osikiria, na Mama Nashipae angepoteza jina, na wote wawili wangepatanishwa au wasipatanishwe bila kujua kwamba mwizi wao ameketi kwenye ngazi akiwa na kucha safi. Ningeweza kunyamaza. Nilipima jambo hilo kwa uangalifu, na sitadai hapa kwamba moyo wangu mwema ulishinda mara moja. Lakini wahenga walisema mficha uchi hazai, na mimi nikainuka kwenye ngazi. Nikasema, kwa sauti ambayo nilitumaini haitasikika, "Ni mimi. Nilizipanga kwa ukubwa."

Mama aliniita jina langu, Nekesa, mara moja tu, akafunga macho. Nilisubiri kofi. Badala yake nilisikia kicheko, kikubwa, cha kuita mbuzi.

"Kwa ukubwa!" Mama Nashipae alishika magoti. "Wewe entito, wewe msichana, shanga ni watoto wa gwaride? Sasa ukifika harusi utapanga watu, wafupi mbele, bibi harusi nyuma?" Alicheka hadi Mama akafungua jicho moja, kisha la pili, na bega lake likaanza kutikisika. Nilikuwa nalia, nao walikuwa wanacheka, na hadi leo sijui adhabu iliyo kali kuliko hiyo.

Mama Nashipae akaketi juu ya ngozi. Akasema mkono wake unakumbuka njia, lakini mimi nilikuwa nimeosha alama alizozitumia: oili nzito hapa, doa la kutu pale. Ikabidi tutafute nyingine. Akachukua gia mbili, akazigeuza kwenye mwanga. Meno ya ubavuni yalikuwa yamelika upande mmoja, kidogo sana, kama kona ya sabuni. "Hii ililala na nani?" akauliza. "Angalia. Ng'ombe wakikaa zizi moja wanasuguana. Tafuta mwenzake." Macho yake yalikuwa yameanza kupungua nguvu kwa vitu vidogo, na ya Mama yalikuwa yamechoka, yangu yalikuwa mapya. Kwa hiyo nililala kifudifudi juu ya ile ngozi na kutafuta. Mafuta huoshwa, msuguano hauoshwi. Kila gia ilikuwa na kovu la jirani yake, na kila washa ilikuwa imebeba duara hafifu la chuma ilichokiegemea miaka yote. Nilizisoma moja moja nikizitaja kwa sauti, Mama Nashipae akinong'ona hesabu yake na kusema ndiyo au hapana, na Mama akizivalisha kwenye chuma chake, akiweka mpya, aliyoinunua Nairobi, mahali pa ile ya tatu. Ilituchukua hadi alasiri. Mwishoni ilibaki washa moja, isiyo na mwenyewe. Mimi nilikuwa nimeitia katikati kwa kuwa ilikuwa ya ukubwa wa kati. Mama Nashipae aliizungusha kidoleni, akacheka kidogo, akasema, "Hii ndiyo nilifungia waya. Ilikuwa mlango." Mama akaiweka mwisho kabisa. Akazungusha chuma kwa mkono na kubadilisha: moja, mbili, tatu, nne, tano. Ya tatu ikakaa. Akaijaribu tena, kama mtu anayegusa jino lililopona, na ikakaa.

Alhamisi ilikwenda kwa pistoni, ringi, gasketi na maombi. Ijumaa asubuhi, Osikiria ikiwa imesimama mbele ya nyumba, Mama aliomba kwa Kibukusu, Baba akaitikia amina kwa Kiingereza kwa sababu ya uzito wa tukio, na Mama akapiga kiki. Hakuna kilichotokea. Akapiga tena na tena. Niliacha kuhesabu zilipopita kumi. Mama Nashipae akaisogelea, akaitemea injini mate mepesi, ile baraka ambayo wazee wao huwapa watoto wachanga na watu wanaosafiri, akasema maneno yake, akarudi nyuma. Kwa kiki iliyofuata injini iliwaka. Mama, aliyekuwa mzee wa kanisa, hushikilia hadi leo kwamba ni kabureta iliyokuwa imejaa petroli na ikapata nafasi ya kukauka. Moshi ulitoka mweupe kwa muda, ukapungua, ukaisha. Mlio uliobaki ulikuwa mmoja, mzito, uliokaza, bila kokoto hata moja. Wanasema ukiona vyaelea vimeundwa. Kwetu hakukuwa na maji ya kuelea kitu, lakini nilielewa.

Injini mpya haikimbizwi, kwa hiyo tulikwenda Kajiado polepole, mimi nyuma nimemshika Mama kiunoni, ovaroli yake ikinukia ile harufu ya pili ya mafuta ya taa. Tulipita Isinya tukipungiwa na wachungaji ambao walijua mlio wa zamani na wakageuka kuutafuta. Kila Mama alipobadilisha gia nilihesabu kimoyomoyo, na kila alipoingiza ya tatu nilibana pumzi. Katika ua wa ofisi kulikuwa na safu ya pikipiki zilizoshushwa kutoka kwenye lori, zimeegemeana kama walevi. Mkaguzi, mwanamume mnene mwenye kalamu sikioni, aliizunguka Osikiria mara mbili, akaisikiliza, akainama kutazama ekzosi, akapitisha kidole ndani yake na kukitazama.

"Daktari, hii imefunguliwa. Fundi wako ni nani?"

"Tulikuwa watatu," Mama akasema.

Akaandika kitu, akatia muhuri. Tukanywa chai kwenye kibanda karibu na soko la mifugo, tukarudi nyumbani. Njia nzima nilijaribu kuwahesabu hao watatu. Mama mmoja. Mama Nashipae wa pili. Tulikuwa tumeshaipita Isinya nilipompata wa tatu, na nilimkumbatia Mama kwa nguvu hadi akaniuliza kama nimeona nyoka.

Osikiria ilifanya kazi miaka mingine mingi. Mama Nashipae alikwisha kutangulia mbele za haki, na kwenye mazishi yake wanawake walivaa kazi ya mikono yake hadi kaburi likazungukwa na rangi. Mama amestaafu yuko Bungoma, ana ng'ombe wanne, na huwakemea mafundi kwa simu. Mimi nilisoma hadi chuo kikuu, kisha nikarudi kuishi Kitengela, ambayo sasa ni maghorofa, milango ya chuma na foleni. Nyumbu hawaji tena kuuliza njia. Nina gari ambalo likiugua kijana huliunganisha na kompyuta na kuniambia jibu, nami hulipa kama mtu asiyejua lolote, maana ndivyo nilivyo. Vitabu vyangu, nakiri, vimepangwa rafuni kwa urefu.

Lakini mwezi uliopita nilipanda bodaboda kutoka stendi, na nikaona nyuma yetu wingu la bluu ninalolijua tangu utoto. Tulipofika langoni kwangu nilimwambia dereva kwamba ringi zake zimeisha.

"Hapana, mathe, ni baridi tu."

"Baridi haitoi moshi wa bluu. Na gia ya tatu inachomoka. Nimeisikia mara mbili."

Alizima injini, akanitazama vizuri: miwani, mkoba wa vitabu, viatu vya mtu wa ofisini. "Mathe, wewe ni fundi?"

Nilisema hapana, kwa shida. Kisha nikamweleza kwamba wakimfungulia, gia zitungwe kwenye waya vile zinavyotoka, na washa zake, na mwanzo wa waya uwekewe alama. "Na chochote ufanyacho," nikamwambia, "mtu asizipange kwa ukubwa."

Alicheka hadi kofia ikamteleza. "Kwa ukubwa! Sasa nani anaweza kufanya ujinga kama huo?"

"Wa kwanza darasani," nikamjibu, mgongo ukiwa umenyooka, na kufungua lango.